Aliyepuliza Pembe Haondoki

Chamazi, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Nashipai,

Barua huanza na salamu, lakini zetu zingekuwa kichekesho, maana upo chumba cha pili na nakusikia unavyokoroma. Usibishe. Unakoroma kama marehemu baba yako, na huko Kilindi kwao watakuja kukwambia wenyewe. Basi salamu tuziache. Nimekaa hapa mezani na kikombe cha chai, nimeshika kalamu kwa sababu wiki nzima hii tumeongea kwa mdomo na tumeharibu.

Sitakuandikia habari za chandarua wala maji ya kuchemsha. Wewe ndiye muuguzi, utawaambia wengine. Sitakuandikia pia ule vizuri na usikae na nguo mbichi, maana hayo nimeyasema mpaka umeanza kunijibu "sawa Mama" kabla sijafika mwisho. Nataka kukujibu lile ulilolisema Jumanne, tulipokuwa tunachagua mchele kwenye ungo.

"Mama, braza Salimu haji. Uza hii nyumba, twende wote."

Nilinyanyuka nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Tangu siku hiyo tunapishana humu ndani kama wapangaji, kila mtu na kikombe chake. Nilikasirika, nakubali. Ila nilichokasirikia ni kwamba ulikuwa sahihi karibu katika kila kitu. Bati linavuja. Presha yangu inapanda bila kuaga. Yule bwana anayetaka kujenga gesti karibu na uwanja wa mpira anakuja kwa adabu kila baada ya muda, anakaa kwenye kiti, anasifia chai yangu, anauliza kama nimefikiria. Na kama Kilindi ni mbali, mama yako mdogo ana chumba kitupu Boko na amekwisha kukipaka rangi. Mtu mwenye akili zake angekuwa ameshafunga mizigo.

Mimi sikufunga, na nilikuacha uone ni kiburi. Pia uliniomba pembe ya baba yako uende nayo, nikakukatalia kwa ukali kama uliyeomba jino langu. Mambo hayo mawili ni jambo moja, na ili uelewe inabidi nianze na pembe yenyewe.

Baba yako aliingia Dar na shuka, fimbo na pembe. Mimi nilikuwa nauza chapati na chai Mbagala, binti wa Kindengereko niliyeambiwa kila siku kwamba nina mdomo. Alikuwa anakunywa chai anarudi tena baada ya dakika chache kunywa nyingine, mpaka nikamuuliza kama ana ugonjwa. Bibi yako aliposikia nataka kuolewa na Mmasai alilala chini akajifunika khanga usoni, na alikaa hivyo mpaka njaa ilipomwamsha. Kila siku baba yako alieleza kwamba wao ni Waparakuyo, na kila siku mtaa ukaendelea kumwita Masai. Siku ya ndoa alipewa jina la Musa, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kulitumia zaidi ya shehe aliyempa. Mimi nilimwita Lemayani mpaka nilipomfumba macho.

Kazi yake ilikuwa ulinzi kule Boko, upande wa pili kabisa wa jiji, na siku za mapumziko alitengeneza pembe hapa uani. Wewe uliikuta kazi hiyo imekwisha kupungua, hukuona ilivyokuwa. Pembe za ng'ombe alizitoa machinjioni. Ya babu yake ilikuwa ya tandala, ile ndefu iliyojisokota, lakini siku hizi ukikutwa nayo bila kibali unakwenda kuozea ndani, na jela ya Segerea si mbali. Kwa hiyo yeye alifanya na ya ng'ombe. Alizichemsha kwenye debe mpaka mfupa wa ndani ukalegea, harufu ikasambaa mtaa mzima, na mama Zuwena wa jirani akapitisha kichwa juu ya ukuta kuuliza nani amekufa. Kisha aligonga pembe kwenye jiwe mfupa ukatoka, akaikwangua kwa kipande cha chupa mpaka ikawa laini.

Halafu tundu. Tundu la pembe haliwi nchani kama la filimbi. Linatobolewa ubavuni, karibu na ncha, na mpulizaji huishika pembe imelala kando ya uso wake. Alitoboa kwa msumari wa moto, kadogo, akapuliza, akasikiliza, akautia msumari tena motoni. Tundu likizidi kidogo tu, pembe inahema, hailii, na hakuna namna ya kulipunguza. Zilizoharibika hakuzitupa. Ile ninayowekea chumvi jikoni ni mojawapo, ndiyo maana ina tundu ubavuni nililoliziba kwa nta, na wewe umekua ukidhani ndivyo vyombo vya chumvi vilivyo.

Aliyoibakiza kwa ajili ya nyumba ni hii unayoitaka. Aliitundika nyuma ya mlango. Kwao kupuliza haikuwa kazi ya wanawake, lakini alisema yeye yupo Boko na shida ipo Chamazi, sasa nani atapuliza? Akanifundisha. Kwa siku nyingi nilitoa sauti ya mbuzi mwenye kwikwi, na alicheka mpaka akakaa chini. Siku ilipokubali nilishtuka mwenyewe. Ni sauti kama ya ng'ombe anayemwita ndama, unaisikia kifuani kabla ya masikioni.

Alinieleza kwamba pembe ikilia, aliyesikia anaacha alichoshika anakuja. Haulizi kuna nini. Anampitishia habari aliye mbali zaidi, na yule anampitishia mwingine. Nikamuuliza kama hata hapa mjini. Akasema walinzi wote wa kwao kuanzia Mbagala hadi Kongowe wanajua sauti hiyo ni ya mlango wa nani. Niliona ni maneno ya mwanamume anayemsifia mkewe ukoo wake.

Kuna nusu ya habari ambayo hakunieleza, labda alidhani kila mtu anaijua.

Kaka yako alikuwa na umri wa kuanza kutumwa dukani, na wewe ulikuwa mgongoni mwangu. Asubuhi moja nilikuwa nafua, Salimu anacheza mlangoni, na muuza barafu akapita na baiskeli yake anagonga kengele. Nilipoinua kichwa mtoto hayupo. Nilizunguka nyumba, nikaingia kwa mama Zuwena, nikafika mpaka kwenye shimo la choo kilichokuwa kinachimbwa kwa jirani, nikachungulia. Unajua hofu hiyo? Hujui bado. Nilirudi ndani nikaichukua pembe, nikasimama pale kizingitini na wewe mgongoni, nikapuliza. Ulilia kwa nguvu kuishinda.

Nashipai, walikuja. Kwanza wawili waliokuwa wanalinda saiti ya nyumba hapo chini, wanakimbia na marungu, shuka zinapepea. Kisha wengine, na wengine. Watu nisiowajua majina walinisikiliza kidogo tu wakatawanyika mtaani, na haukupita muda wakamleta Salimu begani. Alikuwa kwa fundi seremala, amelala juu ya maranda, mdomo mwekundu wa barafu. Alikuwa ameifuata baiskeli mpaka ilipomchosha.

Nilimkumbatia, nikamchapa, nikamkumbatia tena. Nikawashukuru wale waliokuwepo. Halafu nikafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa Mbagala angefanya: nikafunga mlango kwa kufuli, nikawachukua nyie wawili nikaenda kwa mama yangu kulia vizuri, kusimulia, kupikiwa. Tukalala huko huko.

Wao huku nyuma wakaendelea kuwasili. Habari ilikuwa imepita lango kwa lango, na kila aliyepata alikuja. Walikuta kufuli. Mama Zuwena aliwaambia mtoto amepatikana, wakamshukuru, lakini hawakuondoka. Baba yako naye alipata habari akavuka jiji lote, akawakuta wamekaa nje ya nyumba yake kama wageni waliokosewa. Wa mwisho alitoka Kongowe kwa miguu, ndiye mzee Parmet unayemjua, wakati huo hajawa mzee. Alikuwa analinda ghala.

Niliporudi kesho yake asubuhi nikiwa nimesuka nywele, niliwakuta wawili hao kizingitini, baba yako na Parmet. Wengine walikuwa wamekwisha kuondoka kwa kuwa baba yako aliwaomba, mmoja mmoja. Parmet alikataa kuombwa.

"Aliyeita yuko wapi?" akaniuliza.

Nikasema ni mimi. Akauliza mtoto yuko wapi. Nikamsogeza Salimu mbele yake, naye akamwekea kiganja kichwani, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akasema "haya", akaomba chai, na akalalamika kwamba haina sukari.

Baba yako hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Parmet alipoondoka alikaa kando yangu akaniambia, "Mama Salimu, aliyepuliza haondoki. Anakaa pale pale mpaka wa mwisho aliyesikia afike amwone." Akaeleza kwamba mtu anayekuja mbio hajui anachokwenda kukikuta, njiani ameshawaza vifo vyote, na akikuta mahali patupu anarudi kwao na hofu ile ile, haina pa kuitua. Kumuita mtu halafu usimngoje, alisema, kwao ni bora usingeita kabisa.

Niliona aibu, lakini aibu ya mjini, ile inayoisha ukishapika pilau na kuwaita watu. Baadaye sana ndipo nilipopata habari kwamba Parmet alirudi ghalani akakuta lango lake limepewa mtu mwingine. Hakuwahi kuniambia. Anakuja kila Ijumaa kunywa chai na kulalamikia sukari, na mimi naweka vijiko mpaka kijiko kisimame, unanicheka, na sasa unajua kwa nini.

Sasa niseme la Salimu. Unalijua kwa nje, maana ulikuwa shuleni.

Siku uwanja ulipojaa mechi kubwa, kaka yako, ndevu ndiyo zinaanza, alishusha pembe nyuma ya mlango akaenda nayo. Wenzake walikuwa na mavuvuzela ya plastiki, yeye akawa na pembe ya kweli, na aliipuliza kwa mapafu ya ujana wake jukwaa zima likamshangilia. Alifurahi, maskini. Maisha yake yote watoto wa mtaa walikuwa wanamwita Masai kwa kumtania, na siku hiyo Umasai ulimpa heshima. Lakini sauti ilitoka nje ya uwanja. Watu wazima waliacha malango yao wakaja hapa nyumbani na marungu, wakanikuta nakaanga samaki. Parmet naye alikuja, na goti lake bovu.

Salimu aliporudi baba yake alikuwa mlangoni. Sijawahi kumwona vile. Alimwambia mbele ya watu wote wale, "Umeita watu kucheza nao. Wewe si mtoto wa mtu anayejua pembe, wewe ni mtoto wa uwanja." Salimu aliitundika pembe mahali pake kwa mikono miwili, taratibu, akaingia ndani.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama hii yetu ya wiki hii. Mimi sivumilii nyumba iliyonuna, wewe wajua. Nikaona dawa ni kuwatenganisha wapoe. Nikampigia mjomba wako wa Tunduma mwenye duka la spea, nikamfungia Salimu begi, nikampeleka stendi alfajiri baba yako akiwa bado lindo. Nilijisifu moyoni kwamba hapo nimetumia akili. Baba yako aliporudi akauliza kijana yuko wapi. Nikasema nimempeleka akapoe.

Alivua viatu, akakaa. Halafu akasema, "Mimi nilitaka kumwomba radhi leo."

Hilo sijawahi kukwambia. Nimelibeba na nimechoka kulibeba peke yangu. Kaka yako hakufukuzwa na baba yake kama ulivyosikia mitaani. Alipakiwa basi na mama yake, kwa nia njema na haraka. Kutoka Tunduma akavuka mpaka, kutoka Zambia akateremka zaidi kusini, na kila hatua alitupigia simu kidogo kuliko mwanzo. Idi zote mbili, kisha Idi moja. Baba yako alikuwa akichukua simu, wanaongea habari za mvua na ng'ombe, na nilikuwa nasimama nyuma yake nikiomba aliseme lile neno. Sijui aliona simu haitoshi kwa neno hilo. Kiharusi kikaja kabla.

Asubuhi ile ya mazishi unaikumbuka kuliko mimi, kwa sababu mimi nilikuwa natembea bila kuwepo. Lakini hili nalikumbuka. Watu wamejaa uani, wanawake ndani wananishika, na mimi nikanyanyuka nikaenda nyuma ya mlango nikaishusha pembe. Mama yako mdogo akadhani nimechanganyikiwa, akataka kuninyang'anya. Nikasimama kizingitini, pale pale, nikapuliza. Na wewe, mwanangu, bila kuambiwa na mtu, ulinyanyua simu yako ukairekodi ile sauti ukamtumia kaka yako huko aliko.

Walikuja watu kutoka kila lango la jiji hili. Parmet akafika wa mwisho kama kawaida yake, akalalamika kuhusu jua, halafu akalia.

Na Salimu akajibu. Ulinisikilizisha mwenyewe nikiwa mkekani. "Mama, nimeisikia. Nakuja. Nakuja, Mama." Kulikuwa na kelele za magari nyuma yake. Baada ya hapo namba ikawa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo. Tumeuliza kwa mjomba, tumeuliza kwa vijana wanaorudi kutoka kusini, kila mmoja ana habari yake na hakuna inayofanana na nyingine.

Sasa unaelewa kwa nini nilikwenda kuosha sufuria safi.

Niliwahi kuita watu nikaondoka, nikamkalisha mtu mwema usiku kucha mbele ya kufuli. Mara ya pili nimeita, na aliyekuwa mbali kuliko wote amesema amesikia na anakuja. Siwezi kumfanyia kaka yako nilichomfanyia Parmet. Akifika Chamazi akute gesti ya ghorofa, na kijana wa mapokezi anamuuliza anataka chumba cha feni au cha kiyoyozi? Nikifikiria hivyo nashindwa kupumua, Nashipai, na hiyo si presha.

Utaniuliza kama naamini yu hai. Naandika kwa mkono wangu kwamba sijui. Kuna siku naamini na kuna siku siamini, na siku nisizoamini nafagia mbele ya mlango vile vile. Wewe una akili ya hospitali, unataka jambo lijulikane ili litibiwe. Mimi nimejifunza kuishi na hili bila kulijua, na si maisha mabaya. Nina jirani mwenye maneno, nina Parmet wa Ijumaa, nina mtaa mzima unaoniita Mama Salimu kutwa mara kumi. Jina lake linapita mlangoni hapa kila siku. Kule Boko wataniita mama mkubwa.

Labda ni ukaidi. Bibi yako alisema nilizaliwa nao. Lakini usione kwamba nimemchagua yeye nikakuacha wewe. Najua uliliwaza hilo Jumanne, nililiona usoni kwako ndiyo maana nikakimbilia sufuria. Umekua ndani ya nyumba inayomngoja mtu mwingine, na hukuwahi kulalamika. Ulisoma chini ya bati linalovuja, ukamuuguza baba yako, ukanishika mimi. Nimekutegemea mpaka nikasahau kukutazama. Naumia kwamba unaondoka, naumia sana, sitaki kujifanya shujaa kwenye karatasi. Na ninafurahi vile vile kwa kiasi hicho hicho, na nakupenda, neno ambalo sisi wa nyumba hii tunalisema kwa kuongezeana mchuzi.

Kuna jambo nimeliona juzi tu, na limenipunguzia mzigo, labda na wako utapungua. Siku ile wewe ulimpelekea sauti, lakini aliyepuliza ni mimi. Wajibu wa kubaki ni wangu peke yangu. Wewe hujamuita mtu, hungoji mtu. Nenda, mwanangu, na usitembee ukigeuka nyuma kana kwamba umeacha kitu jikoni. Huko kwao baba yako watakuita kwa jina la ukoo, watakucheka lugha yao ya Kimaa unavyoiokoteza, na utawachoma sindano watoto wa watu ambao babu zao walimfahamu babu yako. Sijawahi kuishi huko, siwezi kukuelekeza. Nimefika mara moja tu, na nilimkanyaga ndama.

Na usiwe na haraka ya kuwatenganisha watu ili wapoe. Nakuomba hilo tu, kwa kuwa najua una damu yangu na utaona ni dawa.

Sasa ile pembe. Nilikukatalia kwa sababu nilidhani nikiitoa nyuma ya mlango nitakuwa nimeacha kungoja. Nimekaa nayo jioni hii mapajani ulipokwenda kuaga kwa mama Zuwena, na nikaona nilivyokuwa mjinga. Salimu hatarudi kuitafuta pembe. Atatafuta mlango na mtu ndani yake. Kwa hiyo nimeipaka samli nje na ndani kama baba yako alivyokuwa akifanya, nimeifunga kwenye khanga yangu ya zambarau, na nimeiweka begini mwako katikati ya sare zako nyeupe. Ukinuka samli kazini siku ya kwanza, ujue ni mimi. Ipake mara kwa mara, usiiache ikauke, ikikauka inapasuka. Usiitundike ukutani kwa uzuri. Iweke nyuma ya mlango.

Yule bwana wa gesti akija tena nitampa chai na kumwambia hapana, na nadhani safari hii ataielewa. Fundi wa bati nimemwambia aje Jumatatu.

Umeniuliza mara nyingi nitafanyaje nikiugua peke yangu. Mama Zuwena yupo ng'ambo ya ukuta. Nami nina swali lile lile kwako, utafanyaje ukiwa na shida huko mbali na mtandao wa simu hakuna? Basi fanya hivi. Simama kizingitini kwako, upulize. Watu wa baba yako watakuja, hilo usitie shaka. Nao watapitishiana, kutoka boma hadi boma, kutoka lango hadi lango, mpaka habari imfikie Parmet, na Parmet atanifikia mimi akilalamika. Nitamwachia mama Zuwena ufunguo na kiti cha kukaa nje, nimwambie akija kijana mrefu anayefanana na mimi mdomo, asimruhusu aondoke. Halafu nitapanda basi.

Wewe ukishapuliza usiende popote. Kaa hapo hapo mlangoni hata wote wakiwa wamekwisha kufika na kurudi makwao, hata wakikwambia imetosha. Nitakuwa wa mwisho, nina presha na miguu mibovu, lakini nitakuwa nimesikia.

Mama yako,
Mama Salimu